Dawa za kansa ya prostati (tezi dume) Lubumbashi: zinagharimu nini, nani anapaswa kuzilipa, na namna ya kumdai

Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa lori katika kampuni moja ya kandarasi za migodi. Siku munganga alipomwandikia dawa, tuliingia farmasi tatu tukiwa njiani kurudi Katuba. Ya kwanza hawakuwa nayo. Ya pili hawakuijua. Ya tatu walitaja bei, baba mdogo akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akasema twende nyumbani. Karatasi ilikaa mfukoni wiki sita, na mgongo ukazidi kumuuma.

Katika wiki hizo sita hakuna aliyetuambia kwamba dawa ile ilikuwa na jina la pili, lenye bei ya chini kabisa. Wala hakuna aliyetuambia kwamba sheria ya kazi ya Kongo imeshamtaja anayepaswa kuilipa. Haya majina mawili, la dawa na la mlipaji, ndiyo nitakayoyafuata hapa hatua kwa hatua, ili mwingine asipoteze wiki sita kama sisi.

Nimewaandikia wagonjwa na watoto wao. Uamuzi wa tiba unabaki kwa munganga wenu.

Hatua ya kwanza: toka hospitalini na jina la molekuli

Kila dawa ina jina la kiwanda na jina la molekuli. Jina la kiwanda ni la kuuzia, la molekuli ndilo dawa yenyewe. Zytiga ni abiraterone. Casodex ni bicalutamide. Zoladex ni goserelin. Decapeptyl ni triptorelin. Enantone na Lupron zote mbili ni leuprorelin. Xtandi ni enzalutamide. Karatasi ikiandikwa "Zytiga" peke yake, mwenye farmasi atatafuta Zytiga, na bima itapiga hesabu ya Zytiga. Ikiandikwa "abiraterone", mlango unafunguka kwa viwanda vingine vinavyotengeneza molekuli hiyohiyo, vingi vikiwa India. Hiyo ndiyo dawa ya jeneriki: si nakala ya kubabaisha, ni molekuli ileile baada ya muda wa hakimiliki ya kiwanda cha kwanza kwisha.

Mwambie munganga kwa heshima: "Munganga, nakuomba uniandikie jina la molekuli, miligramu, vidonge vingapi kwa siku, na kwa miezi mingapi. Na kwenye ripoti uandike kama kansa imefika kwenye mifupa au bado." Sijaona munganga aliyekasirika kwa ombi hili. Wengi wanaandika jina la kiwanda kwa mazoea tu.

Omba pia nakala ya matokeo ya kile kipande cha nyama kilichopelekwa maabara, matokeo yote ya PSA (kipimo cha damu cha kansa ya prostati) yakiwa na tarehe zake, na ripoti ya skana au ya picha ya mifupa. Msiziache hospitalini. Mtaziona tena hatua ya tano.

Hatua ya pili: jueni ni dawa gani, na kwa nini hiyo

Kansa ya prostati inalishwa na testosteroni, homoni ya kiume ambayo sehemu kubwa hutoka kwenye makende. Mwaka 1941, Marekani, daktari Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walionyesha kwamba ukiiondoa homoni hiyo kansa inarudi nyuma, hata ile iliyokwisha kusambaa. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966 kwa kazi hiyo. Tiba karibu zote za kansa iliyosambaa bado zimesimama juu ya wazo hilo, na kwa upande wa mfuko zinafuatana kama ngazi.

Ngazi ya kwanza ni kuzima testosteroni ya makende. Njia ni mbili: sindano (goserelin, triptorelin, leuprorelin) inayochomwa kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu, kwa muda mrefu, kwa wengi maisha yote; au operesheni ndogo ya kutoa makende, inayofanywa mara moja tu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapotumbukia kwenye madeni. Wanaume wanaikataa operesheni wakiamini sindano itawaachia uanaume wao. Si hivyo. Sindano na operesheni zinaishusha homoni kwenye kiwango kilekile: hamu inapungua, joto linapanda ghafla mwilini, nguvu zinashuka, mifupa inalegea kadiri miaka inavyopita. Tofauti iko hapa: sindano ikiachwa, homoni inaweza kurudi, operesheni hairudi nyuma. Kwa mtu ambaye munganga amemwambia atachomwa maisha yote, tofauti hiyo ni ndogo kuliko anavyodhani, ila tofauti ya gharama ni kubwa mno. Operesheni inalipwa siku moja na kwisha. Ipo hata namna ya kuifanya ambayo inatoa nyama ya ndani tu, na mfuko wa makende haubaki mtupu kabisa. Mama akae kwenye mazungumzo haya tangu mwanzo. Niliona baba mdogo alivyolegea baada ya mke wake kusema, mbele ya munganga, "Mimi namtaka awe hai."

Kwa anayechagua sindano: za mwanzo zinaweza kuipandisha homoni kwa muda kabla ya kuishusha. Kwa hiyo munganga huandika bicalutamide kwa wiki chache za mwanzo, hasa mgonjwa mwenye kansa kwenye uti wa mgongo. Msiikate kwenye bajeti mkidhani ni nyongeza tu.

Ngazi ya pili ni kuongeza dawa nyingine juu ya hiyo ya kwanza, na hapa abiraterone ndiyo inayotajwa zaidi. Yenyewe inazima testosteroni inayotengenezwa nje ya makende, kwenye tezi zilizo juu ya figo na hata ndani ya kansa. Inatumika pamoja na prednisone au prednisolone. Mwanzoni ilitolewa kwa wale ambao sindano zimeshindwa. Mwaka 2017 tafiti mbili kubwa, LATITUDE na STAMPEDE, zilionyesha kwamba kuianza mapema kwa kansa iliyosambaa kunarefusha maisha. Kwenye LATITUDE, iliyokuwa na wanaume 1,199, hatari ya kufa ilipungua kwa asilimia 38. Shirika la Afya Duniani liliiingiza abiraterone kwenye orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2019. Ishikeni tarehe hii, itawafaa mbele ya bima.

Docetaxel, ile ya kutundikiwa kwenye mshipa, iko kwenye ngazi hiyohiyo na ni jeneriki ya siku nyingi. Dozi zake zina mwisho: kwa kawaida sita, wiki tatu kati ya moja na nyingine, kwa kansa ambayo bado inaitikia tiba ya homoni. Muulizeni munganga kama inamfaa mgonjwa wenu, maana kitu chenye mwisho kinapangika kwenye bajeti kuliko kidonge cha kila siku kisicho na mwisho.

Hatua ya tatu: pigeni hesabu ya mwaka, si ya kiboksi

Farmasi inakutajia bei ya kiboksi. Wewe unahitaji bei ya mwaka. Dozi ya kawaida ya abiraterone ni miligramu 1000 kwa siku. Kama vidonge ni vya 250, ni vinne kwa siku, yaani 120 kwa siku 30. Kama ni vya 500, ni viwili kwa siku, 60 kwa mwezi. Kuna kiboksi cha bei nafuu ambacho ukikifungua unakuta vidonge 30 vya 250: kimekaa wiki moja na nusu siku. Kwa hiyo gawanya kila mara: bei, gawanya kwa idadi ya siku zitakazokaa, zidisha kwa 365. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, farmasi moja inauza vidonge 120 kwa dola 200 na nyingine vidonge 30 kwa dola 60. Ya pili inaonekana nafuu, lakini kwa mwezi ni dola 240, na kwa mwaka umepoteza karibu dola 500.

Kwa sindano ni vilevile. Goserelin ya miligramu 3.6 ni ya mwezi, ya 10.8 ni ya miezi mitatu. Triptorelin ya 3.75 ni ya mwezi, 11.25 ni ya miezi mitatu, na ipo ya 22.5 ya miezi sita. Linganisheni bei ya siku, kisha ongezeni nauli na pesa ya kuchomwa. Anayetoka Kipushi au Likasi akichomwa mara 4 kwa mwaka badala ya 12, nauli peke yake inaweza kubadilisha jibu.

Kwenye hesabu ya abiraterone wekeni pia vipimo. Dawa hii inaweza kupandisha presha, kushusha potasiamu na kuumiza ini. Ini hupimwa kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha kila mwezi. Presha na potasiamu kila mwezi. Familia nyingi zinatafuta pesa ya vidonge, zinasahau ya maabara, halafu mwezi wa pili zinachagua kati ya vipimo na dawa. Prednisone ni ya bei ndogo sana, ila haiachwi ghafla.

Andika hesabu yote kwa dola, na pembeni uandike kiwango cha franka cha siku hiyo. Mshahara wengi tunapata kwa franka, na dawa za namna hii Lubumbashi zinauzwa kwa dola. Bima ikirudisha pesa kwa franka kwa kiwango cha zamani, utaona pengo kwenye daftari lako na utaweza kulidai.

Neno moja kuhusu intaneti. Ukitafuta bei ya Zytiga au Xtandi utakutana na dola elfu kumi na zaidi kwa mwezi. Hiyo ni bei ya Marekani. Utasoma pia kwamba mgonjwa wa Medicare, bima ya wazee wa kule, hakulipa zaidi ya dola 2,000 mfukoni kwa dawa zake za farmasi za mwaka 2025, kwa sheria iliyosainiwa mwaka 2022. Na utaona kadi za punguzo za viwanda. Hakuna hata kimoja kinachomgusa mkaaji wa Ruashi au Kampemba. Nimeona mtoto wa mgonjwa akijaza fomu hizo usiku kucha, akiweka namba yake ya simu ya Kongo. Usitishwe na bei ile, wala usipoteze muda kwa kadi zile.

Hatua ya nne: mtafute mlipaji kwa jina

Swali la kwanza: mgonjwa ana mkataba wa kazi leo? Kama anao, basi Kodi ya Kazi (Code du Travail), sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 178, inasema mwajiri anapaswa kumpa mfanyakazi na familia yake matibabu: ya munganga, ya operesheni, ya meno, ya dawa na ya kulazwa, mpaka mwisho wa mkataba, hata mkataba ukiwa umesimamishwa kwa ugonjwa. Someni tena: dawa zimetajwa. Sheria haijasema "dawa za malaria". Haijasema "kampuni kubwa tu". Kandarasi mwenye magari manane anafungwa nayo kama mgodi wenye watu elfu nne.

Kampuni nyingi hulipa kupitia bima binafsi au hospitali waliyofanya nayo mkataba. Hiyo ni namna yao ya kutimiza wajibu. Wajibu wenyewe unabaki wa mwajiri. Bima ikikataa, mwajiri hajatoka. Hili ndilo lililotugharimu zile wiki sita: ofisi ya watumishi ilituambia "bima imekataa", nasi tukainuka na kuondoka.

Mambo matatu ya kuangalia hapa. Kwanza, maneno "mpaka mwisho wa mkataba". Mtu asijiuzulu kwa sababu anaumwa, na asisaini karatasi yoyote ya "kuachana kwa amani" kabla ya kuisoma na mtu mwingine. Pili, sheria hiyohiyo inampa mwajiri nafasi ya kuvunja mkataba baada ya miezi sita mfululizo ya mtu kutoweza kufanya kazi. Wengi walio kwenye tiba ya homoni bado wana nguvu za kufanya kazi nyepesi; munganga akiandika hivyo na mgonjwa akarudi kazini, hesabu ya miezi sita inakatika. Baba mdogo alitolewa kwenye lori akawekwa getini kusajili magari, na mkataba ukaendelea. Tatu, "familia" kwa sheria ni mke au mume na watoto. Baba yako mzazi hayumo. Vijana wengi wa migodini wanaamini kadi yao itamtibu mzee, wanagundua kwenye dirisha la hospitali kwamba haiwezi. Hata hivyo, ulizeni mjumbe wa sendika, chama cha wafanyakazi: mikataba ya pamoja ya baadhi ya kampuni inaongeza zaidi ya sheria.

Kama mgonjwa ni mwalimu wa shule ya serikali, aanze na mutuelle yao (mfuko wa wanachama wa kusaidiana kwa matibabu), MESP, maana mchango unakatwa kwenye mshahara. Kama ni mwanachama wa mutuelle ya mtaa au ya parokia, aombe orodha ya huduma zao kwa maandishi. Mutuelle nyingi za namna hiyo zinabeba kumwona munganga, kulazwa na operesheni ndogo, hazibebi dawa za kansa. Lakini operesheni ya makende ni operesheni! Ulizeni kwa jina hilo, si kwa jina la "kansa".

Mstaafu anayepokea pesa ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asitegemee dawa kutoka huko. CNSS inalipa pensheni, ajali na magonjwa ya kazi, na posho za familia. Ugonjwa wa kawaida haumo. Mstaafu wa kampuni kubwa ya zamani aulize kama bado ana haki ya kutibiwa kwenye hospitali ya kampuni. Mpango wa serikali wa afya kwa wote ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023 na ulianza na uzazi wa bure na watoto wachanga. Kwa kansa msiujengee hesabu.

Hatua ya tano: peleka faili, rudi na muhuri

Ombi la mdomo halina baba wala mama. Tengeneza faili moja, na nakala yake ibaki nyumbani. Ndani yake: barua ya ombi, karatasi ya dawa yenye jina la molekuli, ripoti ya munganga inayosema kwa nini dawa hii na nini kitatokea ikikosekana, matokeo ya maabara ya kile kipande cha nyama, PSA, skana, bei kutoka farmasi mbili au tatu zikiwa na muhuri, na ile hesabu ya mwaka. Hesabu ya mwaka ina nguvu yake: mkuu wa watumishi anaogopa kitu kisicho na mwisho kuliko namba kubwa inayoonekana.

Barua iwe fupi, na iwe kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya ofisi. Iseme mgonjwa ni nani, namba yake ya kazi, dawa gani, kwa muda gani, na kwamba ombi linasimama juu ya kifungu cha 178 cha Kodi ya Kazi. Omba "prise en charge", yaani wao wabebe gharama, kwa miezi sita au mwaka, si kwa kiboksi kimoja, la sivyo utarudi kupanga foleni kila mwezi. Ukiipeleka, sekretari apige muhuri na tarehe juu ya nakala yako. Akisema "acha tu, nitampa bosi", mwambie kwa upole kwamba utasubiri muhuri. Kaa hapo mpaka upigwe.

Kwenye mkataba wa bima kuna maneno manne ya Kifaransa ya kutafuta kabla hamjaanza kununua. "Plafond" ni kikomo cha pesa kwa mwaka. "Ticket modérateur" ni sehemu anayolipa mgonjwa mwenyewe. "Délai de carence" ni muda wa kusubiri kabla haki haijaanza. "Exclusions" ni yale wasiyolipa kabisa, na humo mara nyingi hujificha magonjwa yaliyokuwepo kabla ya kusaini. Tuseme kikomo ni dola 3,000 na mgonjwa analipa asilimia 20. Dawa na vipimo vya mwaka vikiwa dola 2,400, mgonjwa atatoa 480. Vikiwa dola 6,000 kwa sababu karatasi iliandikwa jina la kiwanda, kikomo kinafika katikati ya mwaka na mzigo wote unarudi kwa familia. Ndiyo maana hatua ya kwanza ilianza na jina.

Hatua ya sita: wakikataa

Ombeni sababu kwa maandishi. Sentensi hii peke yake imegeuza majibu mengi, kwa sababu hakuna anayependa kusaini kitu asichoweza kukitetea.

Wakisema ni dawa ya majaribio, jibu ni tarehe niliyowaomba mshike: orodha ya Shirika la Afya Duniani, 2019. Wakisema ni ghali, pelekeni bei ya jeneriki. Wakisema ugonjwa ulikuwepo kabla ya bima, angalieni tarehe: kipimo cha kwanza kilichosema kansa ni cha lini, na mkataba ni wa lini? Wakisema haimo kwenye orodha ya farmasi yao, ombeni mnunue wenyewe na mrudishiwe kwa risiti, na idhini iwe ya maandishi kabla ya kununua. Baada ya kununua mtaambiwa mmechelewa.

Kama tatizo ni bima, barua ya pili inakwenda kwa uongozi wao, na baada ya hapo kwa ARCA, mamlaka inayosimamia bima zote nchini. Kama tatizo ni mwajiri, nendeni kwa mkaguzi wa kazi, kule kwenye Inspection du Travail. Sheria inataka mgogoro upite kwake kwa usuluhishi kabla ya kufika Mahakama ya Kazi. Msiogope neno "mkaguzi". Ni meza, viti, na mtu anayesoma kifungu kwa sauti mbele ya pande zote mbili. Sisi hatukufika mahakamani. Mwito ulipofika kwenye kampuni, majibu yalikuja ndani ya siku kumi.

Hatua ya saba: ambaye hana mlipaji

Ndio wengi, na wanastahili majibu ya kweli.

Zungumzeni na munganga wa njia ya mkojo kuhusu operesheni, kule hospitali ya Sendwe, kwenye Kliniki za Chuo Kikuu au hospitali nyingine mnayoiamini. Ombeni bei yote pamoja: chumba, ganzi, dawa za baada. Familia ikichanga mara moja, inachanga kwa kitu kinachokwisha. Michango ya kila mwezi huchoka, na sindano ikikosekana miezi miwili homoni huanza kurudi.

Kama munganga anataka abiraterone na pesa haifiki dozi nzima, muulizeni kuhusu dozi ndogo pamoja na chakula. Chakula kinaongeza sana kiasi cha dawa hii kinachoingia kwenye damu, hata mara kumi kama ni cha mafuta mengi. Kwa hiyo dozi ya kawaida ya 1000 hunywewa tumbo likiwa tupu: hakuna chakula saa mbili kabla na saa moja baada. Utafiti mdogo wa wagonjwa 72, uliotoka mwaka 2018, ulilinganisha miligramu 250 na kifungua kinywa chepesi dhidi ya 1000 bila chakula, na kwa kipimo cha PSA ile ndogo haikuwa nyuma. Vidonge 120 vinakaa miezi minne. Lakini utafiti ule ulikuwa mdogo na haukupima nani ataishi zaidi, kwa hiyo uamuzi ni wa munganga, na vipimo vinaendelea vilevile. Anayejikatia vidonge mwenyewe nyumbani anacheza na maisha yake, na anayekunywa vinne baada ya bukari na samaki ya kukaanga anajizidishia dozi.

Kuvuka kwenda Zambia kunawezekana. Kasumbalesa ni kilomita 90 hivi kutoka mjini, na Lusaka ina hospitali ya kansa iliyoanza kutoa mionzi mwaka 2007. Kwa kansa ambayo haijasambaa, mionzi inaweza kuwa ndiyo tiba yenyewe, kwa hiyo safari ile ina maana, ila ulizeni kwanza kwa simu kama mionzi inatolewa wakati huo. Kwa kufuata vidonge tu, pigeni hesabu ya pasipoti, usafiri na malazi kwanza, na ombeni bei ya mgonjwa mgeni kwa simu kabla hamjafunga mizigo.

Hatua ya nane: kununua na kutunza

Nunueni kwa farmasi inayotoa risiti yenye jina lake, namba ya bechi na tarehe ya mwisho. Piga picha ya kiboksi kila mara. Vidonge vinavyouzwa vikiwa vimetolewa kwenye kiboksi chake, acheni. Anayekuletea kutoka India kwenye begi akuletee na risiti na kiboksi kizima, na munganga akione kabla ya kidonge cha kwanza. ACOREP ndiyo mamlaka ya dawa nchini; farmasi ya kweli haiogopi kuulizwa kama dawa yake imesajiliwa huko.

Sindano zina joto lake. Goserelin na triptorelin zinataka chini ya nyuzi 25, baadhi ya leuprorelin zinataka friji. Mwezi wa kumi Lubumbashi, sindano iliyozungushwa mchana kutwa kwenye taksi inaweza kuharibika na pesa yako ndani yake. Beba boksi la barafu, ila dawa isigusane na barafu. Na mwanamke mjamzito asishike vidonge vya abiraterone kwa mkono mtupu. Kama binti mwenye mimba ndiye anayempa mzee dawa, avae glavu au kazi ipewe mtu mwingine.

Mwisho, daftari. Letu lina safu tano: tarehe, dawa na bechi, pesa iliyotoka na nani ametoa, PSA, tarehe inayofuata. Wiki tatu kabla ya ile tarehe inayofuata, mtoto wa kwanza anapeleka ombi jipya kwa mwajiri, na anarudi nyumbani na nakala yenye muhuri, anaibandika kwenye ukurasa wa siku hiyo.